Sherehe za Shule: Shilingi Inakwenda kwa Mtoto au Inatoka Kwake?

Muhula wa tatu ukikaribia kwisha, barabara ya Argwings Kodhek hubadilika sura. Kuanzia upande wa Valley Road hadi Yaya Centre, mahema meupe huchomoza nyuma ya nyua za nyumba za zamani zilizogeuzwa kuwa shule za chekechea, na watoto ambao hawajatimiza miaka saba hupita langoni wakiwa na majoho na kofia za mraba. Wakati huohuo, ndani ya shule ya umma isiyo mbali na hapo, wanafunzi wa gredi ya 9 wanafanya mtihani wa kitaifa nyuma ya lango lililofungwa, na mzazi haruhusiwi kuingia. Wa chekechea, ambaye Januari atarudi katika ua uleule, amepigiwa vigelegele. Wa gredi ya 9, anayesubiri kuitwa katika shule ya mbali, ataondoka bila hata kushikwa mkono.

Swali la sherehe za shule huzungumzwa sana Nairobi, lakini kwa kawaida huishia kwenye ubishi wa anasa: je, majoho yanafaa, promu ni uigaji wa Wamarekani, wazazi wanaringishiana? Hayo ni maswali halali, ila hayafiki kwenye kiini. Nadhani kipimo cha haki ni kufuata shilingi. Kuna sherehe zinazokusanya mali na watu na kuvielekeza kwa mtoto anayevuka, ili avuke salama. Kuna nyingine zinazochukua kutoka kwa mzazi na kuacha picha. Katika miaka 60 iliyopita tumehama polepole kutoka za kwanza hadi za pili, na wakati huohuo tumehamisha shangwe kutoka kwenye kivuko kigumu hadi kwenye kile rahisi. Hilo linaweza kurekebishwa, na halihitaji kumnyima mtoto yeyote furaha.

Hurlingham ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili kwa sababu mtaa wenyewe ni mdogo na shule za kila tabaka zinakaribiana. Jina lake lilitoka London enzi za ukoloni, na nyumba zake za matofali na mabustani mapana sasa ni zahanati, ofisi na chekechea, huku maghorofa yakipanda nyuma yake. Loreto iko Valley Road. Makini, iliyoanzishwa na Mary Okelo na mumewe mwaka 1978, ilikulia upande wa Ngong Road. Shule za umma za ukanda huu, kama Kilimani na Milimani, kwa miaka mingi zimepokea watoto wa Kawangware na Kibra pamoja na wa wafanyakazi wa nyumbani na askari wanaoishi karibu. Nao watoto wa maghorofani hupanda basi asubuhi kwenda shule za kimataifa za Lavington, Karen au Kitisuru. Ukizunguka mtaa huu mwaka mzima, utaona karibu kila aina ya sherehe ya shule iliyopo Kenya.

Mtoto alipochangiwa

Barabara kuu ya Hurlingham ina jina la C. M. G. Argwings-Kodhek, mwanasheria Mwafrika wa kwanza nchini, aliyesomea Uingereza na kufariki Januari 1969 katika barabara hii hii akiwa waziri. Kizazi chake kilikwenda masomoni wakati ambapo kijana aliyepata nafasi ya kusoma ng'ambo hakuwa wa nyumba yake tu. Septemba 1959, mwanasiasa Tom Mboya alipopeleka kundi la kwanza la wanafunzi 81 Marekani kwa ndege iliyokodiwa, nauli ilitoka kwa wafadhili wa Marekani, lakini familia na majirani walikuwa wameandaa karamu za chai za kuchangisha fedha za matumizi. Watu walikunywa chai, wakasikiliza hotuba, wakaimba, wakatia shilingi kwenye sahani. Hiyo ilikuwa sherehe kamili, yenye nguo nzuri na mbwembwe zake, na ilipokwisha kijana alikuwa na uwezo ambao hakuwa nao asubuhi.

Baada ya uhuru wa 1963, harambee iliufanya mtindo huo kuwa desturi ya nchi. Vijiji vilijenga shule za sekondari kwa michango, na barua ya kuitwa kidato cha kwanza ikawa habari ya ukoo mzima. Mjomba alitoa godoro, shangazi blanketi, kanisa likatoa nusu ya karo ya muhula wa kwanza. Hata leo alama kuu ya safari ile ni sanduku la bati. Mafundi wa Kamukunji hulikata, hulikunja na kulitia bawaba na komeo, kisha jina la mwanafunzi huandikwa juu ya kifuniko kwa rangi nyeupe. Sanduku hilo likipita kwenye lango la mtaa juu ya paa la matatu, kila aliyeliona alijua kwamba nyumba fulani imevusha mtoto.

Tusiipambe harambee kupita kiasi. Miaka ya 1980 na 1990 ilichafuka: machifu walidai michango kwa nguvu, na wanasiasa waligeuza kila hafla kuwa kampeni, hata Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ikaweka mipaka kwa watumishi wa serikali. Pamoja na hayo, umbo la sherehe lilikuwa sahihi. Watu waliitwa kushuhudia na kusaidia kwa mkupuo mmoja.

Umbo hilo lipo kwingine katika nchi za Waswahili. Tanzania, mahafali ya darasa la saba, kidato cha nne na cha sita yana utaratibu ambao Wakenya wengi hawaujui. Wahitimu huandika risala na kumsomea mgeni rasmi, wakitaja mafanikio yao na pia mapungufu ya shule: madawati, maabara, bweni, maji. Mgeni hutarajiwa kujibu kwa ahadi au kwa fedha papo hapo. Mtoto anayeondoka hutumia siku yake kuwaombea wanaobaki. Katika Pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, mtoto anapohitimu msahafu wazazi huandaa shughuli ya maulidi, kahawa na halua, naye mwalimu wa madrasa hutunzwa. Mtoto husoma mbele ya watu kile alichokihitimu, kwa hiyo wageni humsikia wenyewe kabla ya kumpongeza.

Nairobi yenyewe haijaisahau kabisa njia hiyo. Tangu 2010 mpango wa Wings to Fly wa wakfu wa benki ya Equity umekuwa ukiwakusanya wanafunzi werevu wa familia maskini kabla hawajaripoti sekondari, pamoja na wazazi wao, na kuwaaga kwa hafla. Wanafunzi hao hawatoi hata senti. Wanaondoka na karo, sare na mlezi wa kuwafuatilia.

Majoho ya chekechea

Sasa turudi kwenye lile hema jeupe. Viti vya plastiki vimevishwa vitambaa, spika inaimba, na mwalimu anakimbia huku na huko na pini mdomoni, kwa sababu kofia za kukodi ni kubwa kuliko vichwa. Watoto wanaimba nyimbo mbili, mmoja anasahau maneno na kulia, nyanya yake anapiga kigelegele kumtia moyo. Kila mmoja anaitwa jina na ndoto yake: rubani, daktari, mwanamuziki. Langoni, mpiga picha amefunga printa yake kwenye betri na anachapisha picha papo hapo. Asiyeguswa na tukio hilo hajawahi kulea mtoto.

Lakini tuangalie kinachosherehekewa. Katika mtaala wa umilisi, elimu ya awali ni miaka miwili, na mwishoni mwake hakuna mtihani wa kitaifa wala mchujo. Katika shule nyingi za kibinafsi mtoto anahama kutoka chumba kimoja kwenda cha pili katika ua uleule, na walimu wanamjua. Kivuko ni kidogo mno kwa vazi lililobuniwa kwa ajili ya watu waliomaliza chuo kikuu. Gharama, kwa upande wake, si ndogo: joho la kukodi, picha, keki, chakula, mchango wa hema, zawadi ya mwalimu. Orodha hiyo huja kwa barua, na mzazi akichelewa kulipa, mtoto ndiye anayeulizwa darasani.

Ni nani anayefaidika? Wapo wenye mahema, wapishi, waokaji na wapiga picha, na riziki yao ni ya haki. Ila mnufaika mkuu ni shule. Hafla ya chekechea ni tangazo: kila picha ya mtoto mwenye joho inayowekwa mtandaoni ni bango la kuwavutia wazazi wa mwaka ujao. Hapa sheria imeanza kuuma. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, picha ya mtoto haitumiwi bila idhini ya mzazi, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, magharibi mwa Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Adhabu ile ilisema wazi jambo ambalo wazazi walikuwa wakinong'ona: sura ya mtoto wako ni mali, na katika hafla hizi mara nyingi hutumika bure.

Kwa shule za umma kuna kinga nyingine ambayo wazazi wachache huitumia. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinasema ada nyingine zinaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na kwamba hakuna mtoto atakayekataliwa shuleni kwa sababu ameshindwa kuzilipa. Mzazi wa Kawangware anayeambiwa mtoto abaki nyumbani hadi alete pesa za hafla ana sheria upande wake.

Nchi nyingine zimechagua marufuku. Mwaka 2025 Idara ya Elimu ya Ghana ilipiga marufuku hafla za kifahari na majoho ya kitaaluma katika shule za umma, ikitaja mzigo kwa wazazi. Naelewa sababu zao, lakini sidhani marufuku ndiyo tiba yetu. Zipo nyumba ambazo hakuna mtu aliyewahi kuitwa jina mbele ya umati kwa jambo jema. Mama anayefua nguo katika maghorofa ya Hurlingham, akimwona bintiye juu ya jukwaa, haoni anasa. Anaona kwamba taabu yake ina shahidi, na mahitaji hayo ni ya kweli. Nyimbo zile mbili na kigelegele cha nyanya vingemtosheleza bila joho na bila ada. Kinachopaswa kuondoka ni bei.

Mtihani, maombi na lango lililofungwa

Kwa miongo mitatu na nusu sherehe za shule Kenya zilizunguka mitihani miwili: KCPE wa mwisho wa shule ya msingi, uliofanywa mara ya kwanza 1985, na KCSE wa mwisho wa sekondari, ulioanza 1989. Kabla ya mtihani kulikuwa na siku ya maombi. Wazazi walikuja na pilau, kuku na soda, padri au mchungaji aliombea kalamu na rula, mtahiniwa akapewa mawaidha na kila mkubwa wa ukoo. Kulikuwa na kadi za heri njema, zilizojaa kwenye maduka ya vitabu kuanzia Septemba, nyingine zikiimba zikifunguliwa. Mwanafunzi aliyepokea kadi nyingi alizipanga juu ya kitanda cha bweni; asiyepokea hata moja alijua pia.

Mwaka 2016 mlango huo ulifungwa. Udanganyifu wa 2015 ulikuwa umefika kiwango cha aibu: matokeo ya KCSE ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa. Waziri wa Elimu Fred Matiang'i alizuia siku za maombi, ziara za wazazi na hafla za kutoa zawadi katika muhula wa tatu, kwa kuwa umati langoni ulikuwa njia ya kupitishia karatasi na simu. Matokeo ya hatua zile yalionekana mwezi Desemba mwaka uleule. Idadi ya waliopata A ilishuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141, na matokeo yalitangazwa kabla ya mwaka mpya, wakati familia nyingi ziko mashambani na hakuna aliyeyatarajia.

Hatua zile zilikuwa za lazima, na uadilifu wa cheti ni faida ya kila mtoto. Lakini ziliacha pengo ambalo halijazibwa. Mtahiniwa wa KCSE hamalizi pamoja na wenzake, maana anayefanya somo la mwisho Jumatano na anayemaliza Ijumaa wanaondoka siku tofauti. Hakuna mzazi langoni, hakuna hotuba, hakuna chakula. Wanachofanya wenyewe ni kuandikiana. Shati jeupe la sare hutandazwa juu ya dawati, na wenzake huliandika kwa kalamu za rangi: majina, namba za simu, utani, aya za Biblia, hadi mgongo mzima ujae. Shati hilo ndilo hati pekee ya kufuzu anayotoka nayo siku hiyo, na ameitengeneza mwenyewe kwa kuwa wakubwa hawakumpa nyingine.

Pale wakubwa wanapojiondoa, wengine huingia. Agosti 2015 polisi waliwakamata wanafunzi 45 katika basi lililokuwa likielekea Nairobi baada ya shule kufungwa, wakinywa na kuvuta bangi. Machi 2016 mji ulitikiswa na tangazo la karamu ya vijana huko Kileleshwa, iliyoenezwa mitandaoni kwa jina la Project X, hadi serikali ikaingilia. Matukio hayo yalisemwa kuwa ushahidi wa maadili kuporomoka. Mimi nayasoma pia kama ushahidi wa uhaba: kijana aliyemaliza kazi ngumu anataka kufurahi na wenzake, na asiyepewa ukumbi atatafuta basi.

Upande wa matokeo, shangwe ilikuwa na kasoro ya aina yake. Kwa miaka mingi runinga ilituonyesha mtoto mmoja akibebwa juu juu huku mama akilia kwa furaha. Mwaka 2014 serikali iliacha kuziorodhesha shule na watahiniwa kwa ubora, lakini kamera hazikuacha kuwatafuta. Katika KCPE ya mwisho, iliyotangazwa Novemba 2023, watahiniwa walikuwa takriban milioni 1.4 na waliopata alama 400 na zaidi kati ya 500 walikuwa 8,525. Hao ni chini ya mmoja kwa kila mia. Nchi nzima ilikuwa ikisherehekea mmoja na kuwaambia waliobaki, wakiwa na miaka 13 au 14, kwamba siku yao haijafika.

Promu na haja ya ukumbi

Promu ilizaliwa katika vyuo vya kaskazini mashariki mwa Marekani karne ya 19 kama dansi rasmi ya tabaka la juu, ikaenea katika shule za sekondari karne ya 20, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikahamia mahotelini. Nairobi iliingia kwa milango miwili: shule za mtaala wa kigeni, kama International School of Kenya iliyoanzishwa 1976, na filamu zilizotazamwa na vijana wa kila shule. Leo msichana wa Hurlingham anayesomea shule ya kimataifa anaweza kushonewa gauni na fundi wa Kenyatta Market, akasukwa nywele hapohapo, na kupelekwa hotelini kwa gari la kukodi pamoja na marafiki.

Wanaosema promu ni ngeni hawakosei, ila wanasahau kwamba shule zetu zimekuwa na dansi zao siku nyingi. Wanafunzi wa sekondari za Nairobi huziita fanki: basi la wasichana linakaribishwa shule ya wavulana kwa mashindano ya drama, mdahalo au muziki, na alasiri spika inafunguliwa chini ya jicho la mwalimu wa zamu. Haja ni ileile. Kijana wa miaka 17 anahitaji kujifunza kuvaa vizuri, kumwomba mtu dansi kwa heshima, kukataliwa bila kukasirika na kurudi nyumbani saa iliyopangwa. Ni afadhali ajifunze hayo mbele ya mwalimu anayemjua.

Sheria ya Udhibiti wa Pombe ya 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na promu iliyo chini ya shule ni rahisi kuilinda kuliko karamu ya nyumba ya kukodi. Tatizo la promu ni tikiti, gauni na gari. Darasa moja lililosoma pamoja miaka minne linagawanywa siku ya mwisho kuwa wenye uwezo na wasio nao, na anayesema hapendi dansi mara nyingi anaficha kwamba nyumbani hakuna pesa. Sherehe ya kuaga darasa isiyowaweka pamoja wanadarasa wote imeshindwa na kazi yake ya kwanza.

Kivuko kimehama

Mabadiliko ya mtaala yamelifanya suala hili kuwa la haraka. Kwa miaka mingi kila mtu alijua kivuko kilipo: mwisho wa darasa la nane, mtoto akiwa na miaka 14. Jamii nyingi zilikuwa zimepachika desturi zao hapo. Katika nyumba nyingi za Wakikuyu wa Nairobi, Desemba ya baada ya KCPE ilikuwa ndio mwezi wa tohara. Mvulana alipelekwa hospitali, akakaa wiki kadhaa na mlezi, kisha Januari akaenda bweni akiwa kijana. Makanisa, Nairobi Chapel likiwa mojawapo, yalijenga programu za malezi juu ya kalenda hiyo. Wabukusu walibaki na Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, bila kujali shule.

Kisha Januari 2023 wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 7 walianza sekondari ya msingi, lakini kwa uamuzi wa serikali walisomea ndani ya shule zilezile za msingi. Walipandishwa hadhi bila kuondoka. Januari 2025 ilipita bila kidato cha kwanza kabisa, maana KCPE ilikuwa imekufa. Mwishoni mwa 2025 watahiniwa wapatao milioni 1.13 walifanya KJSEA, mtihani wa kwanza wa gredi ya 9, na Januari 2026 gredi ya 10 ikaanza katika sekondari pevu. Kivuko cha kweli sasa kiko kwenye umri wa miaka 15, na kina jambo jipya: mwanafunzi anachagua mkondo, kati ya sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Ni uamuzi wa kwanza mkubwa wa maisha yake, na hauna sherehe.

Kivuko hicho kina gharama, hata hivyo. Karo rasmi ya mzazi katika shule za bweni za kiwango cha juu ni shilingi 53,554 kwa mwaka, kabla ya sare, godoro, vitabu na lile sanduku. Jirani wa zamani angejua na angetoa ndoo au shuka. Katika maghorofa ya Hurlingham na Kilimani jirani ni kikundi cha WhatsApp. Vikundi hivyo huchanga kwa bidii kwa ajili ya mazishi, hospitali na harusi, na kiasi huwekwa wazi kila jioni. Ni mara chache mtu kufungua mchango kwa mtoto wa mlinzi wa lango aliyeitwa gredi ya 10, ingawa kila mpangaji anamjua kwa jina.

Anayesema desturi haziwezi kupangwa upya aitazame Tharaka. Mwaka 1996 shirika la Maendeleo ya Wanawake lilianza huko na familia chache sherehe ya wasichana isiyo na ukeketaji: siku za mafunzo faraghani, kisha siku ya hadharani yenye nyimbo, zawadi, hotuba za wazee na wazazi wakitamka mbele ya watu kwamba binti zao hawatakatwa. Waliondoa kisu na kubakiza mafunzo, ushahidi na furaha, na mfano huo ukaigwa katika kaunti nyingine. Kama jamii iliweza kubadilisha desturi yenye mizizi mirefu namna ile, shule inaweza kuacha joho la kukodi.

Cheti kinachotolewa dirishani

Kuna hati moja ambayo mwanafunzi wa Kenya ataihitaji maisha yake yote, nayo ni cheti cha KCSE. Jinsi tunavyoitoa ni ushahidi mkubwa kuliko wote wa vipaumbele vyetu. Miezi baada ya matokeo, aliyefuzu hurudi shuleni peke yake na fomu. Anapita kwa mtunza maktaba, kwa mtunza bohari, kwa mhasibu, akikusanya sahihi za kuthibitisha kwamba hadaiwi kitabu wala karo. Mwisho anapewa bahasha dirishani. Wapo waliokaa miaka bila cheti kwa sababu ya deni, ingawa sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 inakataza shule kuzuilia vyeti.

Mtoto wa miaka sita anapewa karatasi isiyo na thamani yoyote kazini mbele ya wageni mia mbili. Kijana wa miaka 18 anapewa hati ya maisha bila hata kiti cha kukalia. Hapo ndipo pa kuanzia. Kila shule ya sekondari iweke siku ya vyeti, siku moja kwa darasa zima, wazazi wakialikwa bila ada, kila jina likisomwa bila alama wala nafasi. Mtihani umekwisha, kwa hiyo hakuna hatari ya udanganyifu. Wanadarasa wanaokutana tena baada ya miezi kadhaa wana mengi ya kuambiana. Wanaodaiwa wapewe cheti chao kama sheria inavyotaka, na deni lao lichangiwe na waliosoma hapo zamani, ambao hualikwa siku hiyohiyo.

Mengine hayahitaji fedha mpya, yanahitaji zile zilizopo zigeuzwe mwelekeo. Chekechea ibaki na nyimbo na wageni, joho liondoke, na kama wazazi wanataka kutoa, kila familia ilete kitabu kimoja cha hadithi kwa rafu ya darasa litakalofuata. Mwisho wa gredi ya 9, shule za msingi zichukue mfano wa risala ya Tanzania: wanafunzi wenyewe waandike na kusoma mbele ya mtaa wanakokwenda, mkondo waliouchagua na wanachohitaji ili wafike. Promu ifanyiwe ukumbi wa shule, chakula kipikwe na wazazi, tikiti isiwepo. Vikundi vya maghorofa vifungue mfuko wa Januari kama vinavyofungua wa mazishi.

Chama cha wazazi, ambacho sheria inakitambua katika kila shule ya umma, kina nguvu ya kuanzisha haya mwaka huu. Katika mkutano wa kwanza wa muhula, bajeti ya hafla iwekwe mezani pamoja na majina ya watoto watakaovuka, na kila mstari uulizwe unamfikia mtoto yupi na utamsaidia nini Januari. Hafla isiyokuwa na jibu ifutwe. Yenye jibu ialike mtaa mzima, ipigiwe ngoma na vigelegele hadi jioni, kwa maana hiyo ndiyo sherehe inayostahili jina lake.